Je, Aliyelipa Ana Ruhusa ya Kupoteza?

Ndugu wasomaji, israfu ni neno tulilolizoea mno hata limekuwa halitushitui. Twalisikia juu ya mimbari, twalisoma vitabuni, na kila mmoja wetu ana jirani yake wa kumpigia mfano. Mara nyingi twalitaja kwa karamu za harusi na mapambo yake, wala hatukosei. Lakini iko israfu nyingine isiyo na ngoma wala mapambo, ipitayo kimya ndani ya waya za ukutani na ndani ya jiko la makaa, usiku na mchana, nasi hatuioni ila siku tokeni imekwisha na nyumba imeingia giza. Hiyo ndiyo tutakayo kuizungumza leo.

Jambo hili lilizuka katika darsa yetu. Tulikuwa tumefika aya ya 31 ya Sura ya Al-A'raf, ambamo Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa kisha akatukataza kupita kiasi. Mmoja wetu, mtu wa makamo mwenye biashara yake na asiyejulikana kwa ubishi, akatuuliza suali. Alisema: "Umeme naununua kwa pesa zangu za halali. Sikuiba waya, sikuchezea mita, na tokeni nailipa kabla sijaitumia. Nikiacha taa ikawaka mchana kutwa, au feni ikazunguka katika chumba kisicho na mtu, nimemdhulumu nani? Muuzaji kauza, mimi nimenunua, mambo yamekwisha."

Baadhi yetu walitabasamu, na wengine walitaka kumjibu kwa aya ile ile. Lakini kumsomea mtu aya aliyokwisha kuisoma si kumjibu. Tena neno lake si lake peke yake. Wengi huliamini wasithubutu kulisema; na kila azimaye taa za msikiti akiondoka, kisha akarudi kwake akaacha zake zikiwaka, huwa amelikubali kwa kitendo chake. Kwa hivyo tuliona yatupasa kulipima kwa mizani, si kwa hasira. Hukumu tuliyoifikia twaiweka mbele yenu pamoja na njia tuliyoipita, ili atakayeona kosa atusahihishe.

MALI YA WAKFU

Tulianza na lisilo na ubishi. Umeme wa msikiti hulipwa kwa sadaka na kwa mapato ya wakfu. Aliyetoa shilingi yake aliitoa ili watu waswali, hakuitoa ili feni zipepee nguzo na mikeka mitupu. Basi anayeondoka akaziacha zikizunguka amepoteza mali ambayo hakuilipa yeye.

Wala lisidhaniwe kuwa ni jambo dogo. Yuniti moja ya umeme ni wati 1,000 zikitumika kwa muda wa saa moja. Feni ya kawaida ya darini hula kiasi cha wati 75. Msikiti wenye feni 12 zikizunguka bila ya watu saa 6 kwa siku hupoteza yuniti 5.4 kila siku, na kwa siku 30 ni yuniti 162. Wako watu wengi katika mitaa yetu ambao nyumba zao nzima hazitumii kiasi hicho kwa mwezi.

Hapa ndugu yetu hakutupinga. Alisema, "Kisichokuwa changu sina ruhusa nacho. Mimi nazungumzia kilicho changu." Tukakubaliana, tukaendelea.

NYUMBA YENYE MITA MOJA

Hatua ya pili ilitujia kwa njia ya aibu. Mmoja wetu katika darsa ana nyumba ya kupangisha, ya zile zenye vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati na ua nyuma. Mita ni moja, na wapangaji sita huchanga sawa kwa sawa kununua tokeni. Kwa miezi kadha tokeni zikawa zaisha kabla ya wakati wake, na maneno yakaingia. Lawama zote zikamwangukia kijana mmoja mwenye friji ndogo. Ikawa yasemwa kwamba yeye ndiye anayewala wenzake. Bibi mmoja mtu mzima wa chumba cha mbele, ambaye hana ila taa moja, feni moja na redio, akaacha hata kuitikia salamu yake. Mashtaka yakafika kwa mwenye nyumba, na shauri lake likawa kwamba kijana ahame.

Kabla ya hilo kufanyika tulimwomba siku saba. Kazi tuliyoifanya haikutaka fundi wala chombo cha ghali. Kila usiku baada ya Isha tuliandika yuniti zilizobaki kwenye mita. Na kila Alfajiri, kabla ya mtu kuwasha kitu, tukaandika tena. Kisha tukafanya orodha ya kila kitumiacho umeme katika nyumba ile, wati zake kama zilivyoandikwa mgongoni mwake, na saa kinazotumika. Friji ya kijana, ilipopimwa peke yake, ilikula kiasi cha yuniti moja kwa siku. Lakini yuniti zilizokuwa zikitoweka usiku zilikuwa nyingi kuliko hizo, na watu wote wamelala.

Usiku wa nne tulizima vyumba vyote. Kijitaa cha mita hakikuacha kumeta. Tukafuata sauti hadi uani, tukaikuta mota ya maji ya kisima. Mota ile ilifungiwa saa ya kuiwasha kila siku saa sita za usiku na kuizima saa kumi na moja, na boya la tangi ndilo lililotakiwa kuisimamisha mapema maji yakijaa, ambayo ni kazi ya kiasi cha saa moja. Boya lilikuwa limevunjika. Tangi lilijaa, maji yakafurika nyuma ya ukuta asikopita mtu, na mota ikaendelea saa nne nyingine bure. Mota ya wati 750 kwa saa nne ni yuniti 3 kila usiku. Kwa mwezi ni yuniti 90, mara tatu ya ile friji iliyotukanwa.

Basi tazama, ndugu msomaji. Kijana alikuwa amehukumiwa bila ya hisabu. Na kosa lilikuwa kwenye chombo cha mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyekuwa akitaka kumhamisha.

Madhara hayakuishia hapo. Katika bei za umeme zilizotangazwa nchini Kenya mwaka 2023, wateja wa majumbani waligawanywa mafungu matatu: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, ambao bei yao ni ya chini kuliko wote, walio baina ya 30 na 100, na waliozidi 100, ambao hulipa bei ya juu. Mpigie hisabu yule bibi. Taa ya wati 9 kwa saa 5, na feni ya wati 75 kwa saa 8, ni kama yuniti 19 kwa mwezi, na redio haiongezi kitu cha kutajika. Lau angekuwa na mita yake angekuwa katika fungu la chini. Lakini kwa kuwa watu sita wako nyuma ya mita moja, na mota peke yake yala 90, nyumba yote huruka hadi fungu la juu. Bibi huyu alikuwa akilipa sehemu moja ya sita ya maji yaliyomwagika nyuma ya ukuta, tena kwa bei ya wenye viyoyozi.

Hapa ndipo suali la ndugu yetu lilipoanza kubadilika. Yeye alisema "aliyelipa", kana kwamba anayelipa na anayepoteza daima ni mtu mmoja. Katika nyumba hii aliyepoteza hakulipa, na waliolipa hawakupoteza.

Boya lilibadilishwa siku ile ile kwa pesa chache. Likabaki la pili: zile fedha za miezi iliyopita ni za nani? Mwenzetu alisema hakujua, nasi twamsadiki. Lakini tulimwambia kwamba kutojua ni kwa namna mbili. Iko ya asiyekuwa na njia ya kujua, na huyo hana lawama. Na iko ya aliyeweza kujua kwa kuisoma mita usiku mmoja tu, akaona ni taabu. Huyu kutojua kwake kwamwondolea kosa la kusudi, hakumwondolei deni. Aliinamisha kichwa, kisha akawanunulia wapangaji tokeni kwa kadiri ya kile kilichohisabiwa. La kumwomba kijana radhi mbele ya wenzake lilikuwa zito kwake kuliko la kulipa. Lilichukua wiki nyingine, lakini alilifanya.

ALIYE PEKE YAKE

Yabaki suali lenyewe. Vipi yule mwenye nyumba yake, mita yake, na pesa zake, asiyeshirikiana na mtu?

Umeme wa kwetu una historia yenye mafunzo. Mwaka 1875 Seyyid Barghash wa Unguja alipata jenereta ya kuangazia jumba lake na njia zilizo karibu nalo. Mwaka 1908 jenereta hiyo ilinunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na kutoka hapo ikaundwa kampuni ya kwanza ya umeme ya mji huu. Mwenye jenereta yake jumbani aweza kusema kwamba achomacho ni chake. Lakini sisi leo hatuna jenereta jumbani. Sote tumefungwa katika waya mmoja, kama watu wa mtaa wanaoteka kisima kimoja.

Huenda mtu akasema kwamba umeme mwingi wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, na mito, na upepo, wala hauchomi kitu. Jawabu yetu ni kwamba hilo ni kweli, nasi twashukuru. Lakini matumizi ya nchi hupanda kuliko wakati wowote jioni, watu wanaporudi majumbani, baada ya Magharibi hadi kama saa nne za usiku. Wakati huo ndipo mitambo ya mafuta huhitajiwa zaidi, na mmojawapo tunaujua sote: mtambo wa tatu wa Kipevu, ulioanza kazi mwaka 2011 wenye uwezo wa megawati 120, ambao huchoma mafuta mazito. Gharama ya mafuta hayo haiandikwi kwa jina la aliyeacha taa zake. Hugawanywa juu ya kila yuniti inayouzwa nchini, na tajiri na maskini wote wailipe katika bili zao. Na moshi wake hauulizi nani aliacha pasi ikiwaka. Huwapata walio karibu na mtambo.

Hivyo mwenye kusema "nimelipa" amelipa sehemu yake tu. Sehemu nyingine ya gharama ya upotevu wake imelipwa na mtu asiyemjua, bila ya idhini yake. Naye muuzaji hawezi kumpa ruhusa ya hilo, kwa sababu hana haki ya kuuza subira ya watu wengine.

Na lililo katika waya liko vile vile katika makaa, na huko laonekana wazi zaidi. Matanuri ya udongo ya kienyeji hutoa kilo moja ya makaa kwa kilo tano hadi kumi za kuni. Maana yake gunia moja jikoni kwetu ni magunia mengi ya miti bara. Anayepikia jiko la bati tupu, sufuria wazi bila ya kifuniko, maharagwe makavu yasiyorowekwa, amenunua makaa kwa pesa yake, ndiyo. Mti ulioanguka Kwale au Tana River haukuwa katika bei.

Tukahitimisha kwamba kulipa kwahalalisha kutumia. Kupoteza hakuhalalishwi na kulipa, kwa kuwa kitu kilichopotea hakikumnufaisha aliyekilipia, na kimemgusa asiyekilipia.

HISABU YENYEWE

Tumesema kwamba aliyeweza kuhesabu asihesabu hana udhuru kamili. Sasa yatupasa tuoneshe kwamba kuhesabu kwawezekana.

Kukagua nyumba kwa ajili ya umeme na moto si uzushi wa darsa yetu. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla duniani mwaka 1973, nchi nyingi zililazimika kutazama majumba yao. Huko Marekani sheria ya mwaka 1978 iliyataka makampuni makubwa ya umeme na gesi yawape wateja wao ukaguzi wa nyumba. Katika miaka hiyo hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton walichunguza mji mdogo wa Twin Rivers katika jimbo la New Jersey, wenye nyumba zilizojengwa kwa ramani moja. Waliona kwamba nyumba mbili zinazofanana, chini ya hali moja ya hewa, zaweza kutofautiana hata moja ikatumia mara mbili ya nyingine. Tafauti nyingi ilikuwa katika watu na mazoea yao.

Nchini kwetu, kanuni zilizotolewa mwaka 2012 ziliwawajibisha wenye viwanda, mahoteli na majengo makubwa yatumiayo yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka wafanye ukaguzi kila miaka mitatu. Nyumba ya mtu wa kawaida haikutiwa humo, wala hatuoni kwamba ilistahili kutiwa. Serikali haitaingia chumbani mwako kukuuliza habari ya friji. Kwa sababu hiyo hisabu ya nyumbani imeachwa mikononi mwa dhamiri ya mwenyewe, na jambo lililoachiwa dhamiri ndilo hasa limpimalo mtu.

Njia tuliyoitumia sisi ni hii. Kwanza, isome mita baada ya Isha na kabla ya Alfajiri kwa siku saba, uandike. Hapo utajua kiasi gani cha umeme wako huondoka ilhali umelala. Pili, zima kila kitu ndani ya nyumba, kisha kitazame kijitaa cha mita. Kikiendelea kumeta, kuna kitu umekisahau au kuna waya mbovu, na hilo la waya mwite fundi usilichezee, kwani ni hatari ya moto. Tatu, andika vyombo vyako na wati zake na saa zake. Utastaajabu. Taa ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku hula yuniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 itoayo mwangaza unaokaribia huo haifiki yuniti moja na nusu. Kuchemsha lita moja ya maji kwa birika la umeme huchukua kiasi cha sehemu moja ya kumi ya yuniti. Basi anayejaza birika zima kwa kikombe kimoja cha chai, mara tano kwa siku, ajihesabie mwenyewe. Kiyoyozi kidogo cha wati 1,000 kikiwa kazini ni sawa na feni 13.

Nne, tia karatasi baina ya mlango wa friji na mpira wake, ufunge, uivute. Ikitoka bila ya kushikwa, mpira umechoka, na baridi uliyoinunua yatoka nje usiku kucha. Usiibane friji ukutani wala usiiweke ubavuni mwa jiko. Tano, nenda jikoni. Jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani na bati nje, lililoenezwa Kenya tokea mwanzo wa miaka ya 1980, hupunguza makaa kwa kiasi kikubwa kuliko la bati tupu. Kifuniko cha sufuria na kuroweka maharagwe toka usiku havinunuliwi.

KOSA LA MJENZI

Si haki kumlaumu anayekaa peke yake tukamsahau aliyejenga. Wazee wetu waliokuwa na uwezo, katika miji ya kale ya mwambao, walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikawa juu, na njia zikawa nyembamba ili nyumba zitiane kivuli. Asiyekuwa na uwezo huo alijenga kwa udongo na makuti, na makuti hayachomi kichwa. Leo twajenga kuta nyembamba za saruji, twazielekeza dirisha kubwa magharibi kwenye jua la alasiri, twafunika kwa mabati bila ya dari, kisha twampangisha mtu. Yeye ndiye atakayenunua feni ya pili, kisha kiyoyozi, alipe kila mwezi kwa muda wa miaka kwa kosa alilofanya mwingine kwa siku moja akichora ramani.

Mwenye nyumba husema, "Umeme ni juu ya mpangaji." Kwa mkataba ni kweli. Lakini mwenye kujua kwamba dari, rangi nyeupe juu ya bati, au kivuli juu ya dirisha vingempunguzia mpangaji wake joto na gharama, akaviacha kwa sababu bili si yake, huyo naye amepoteza mali ya mtu. Amepoteza kwa mkono wa mpangaji.

SI UBAKHILI

Twaogopa maneno yetu yasije yakawa fimbo mikononi mwa wasiofaa. Tumekwisha kusikia habari ya mume aliyeanza kuizunguka nyumba usiku akizima taa juu ya vichwa vya watoto wanaosoma, akimhoji mkewe kwa kila pasi, na ilhali yeye ndiye aliyenunua friji kuukuu kwa urahisi wa bei bila ya kuuliza inakula kiasi gani. Huo si uadilifu. Mtoto anayesoma ana haki ya mwangaza. Mgonjwa ana haki ya feni, na mwenye kisukari ana haki ya baridi ya kuhifadhia dawa yake. Hisabu njema huanza kwa makubwa yaliyo mikononi mwa mkubwa wa nyumba, yaani alichojenga, alichonunua, na alichoacha kukitengeneza, kabla haijafika kwa taa ya mtoto. Na ifanywe mbele ya watu wote wa nyumba, mita ikisomwa kwa zamu, wala isiwe siri ya mtu mmoja ya kuwakamatia wenziwe.

Tena bakhili huzuia penye haja. Sisi twasema izuiwe pasipo na haja, ili penye haja pasipunguke.

KINAA

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotusumbua kuliko yote. Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons aliandika kitabu juu ya makaa ya mawe ya nchi yake, akaonesha kwamba injini zilipotengenezwa zikawa zatumia makaa machache kwa kazi ile ile, makaa yaliyochomwa nchini hayakupungua. Yaliongezeka, kwa sababu injini zilikuwa rahisi na kila mtu akaitaka yake.

Hilo twaliona majumbani mwetu. Mtu hubadilisha taa zake zote akaokoa yuniti 30 kwa mwezi, akafurahi, na kwa furaha hiyo akanunua taa za rangi za kuzungushia kibaraza. Mwisho wa mwezi mita haikuona tafauti. Hisabu imefanya kazi yake, lakini hisabu haina uwezo wa kumwambia mtu, "Hapa yatosha." Neno hilo husemwa na kinaa, nayo haiuzwi dukani wala haisomwi kwenye mita. Kwa hivyo twashauri kwamba mtu aamue kabla ya kuanza: nitakachookoa nitakipeleka wapi? Akiwa ana deni, alipe. Akiwa na jamaa anayelala gizani siku tatu za mwisho wa mwezi, ajue njia ya mlango wake. Akiba isiyokuwa na mahali pa kwenda hurudi ilikotoka.

Ndugu yetu aliyeuliza hakusema kwamba ameshindwa, wala hatukumtaka aseme, kwani suali lake lilitunufaisha. Alitwambia kwamba bado anaona ana haki kubwa zaidi juu ya taa yake kuliko juu ya feni ya msikiti, nasi twaona hivyo hivyo. Kisha akauliza iwapo ile karatasi ya kuandikia mita imebaki nyingine. Ana nyumba mbili za kupangisha, na hajapata hata siku moja kupanda kuyatazama matangi yake.

Karatasi zipo. Kila atakaye na aje achukue, au apige mistari katika daftari ya mtoto wake, na aanze usiku huu baada ya Isha. Wabillahi tawfiki.